Isome Kwanza, Ndipo Uibangue: Namna ya Kutambua na Kufungua Moduli za Kompyuta Kuu za Zamani

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, mashine ya transista iliyokaa kwenye makabati ya chuma, na kazi yake ilikuwa hesabu za Serikali. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Aliyetaka mashine akawa hana budi kuomba kibali maalumu. Kwa hiyo kompyuta kuu, zile ambazo mafundi wanaziita meinfremu, zilikuwa chache sana hapa kwetu, na kila kipande cha mashine za zama zile kilichobaki ni adimu.

Sisi tuliozaliwa baada ya mwaka 2000 hatukuzikuta. Kwetu kompyuta ni laptopu ya kuazima kwa rumeti usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, au ni simu tu. Lakini mashine kubwa haizikwi, inavunjwa. Kabati linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nyaya zinachunwa shaba, bodi zinatiwa kwenye gunia, na gunia linasafiri. Fundi redio anaweza kulinunua kwa ajili ya transista. Shule inaweza kupewa kama msaada wa maabara. Mtu mwingine anaweka darini akisubiri bei ipande. Swali la makala hii ni dogo: kipande kama hicho kikikufikia wewe, mwana-chuo, utakijua ni nini? Na ukitaka kuona ndani, utakifunguaje bila kukiharibu na bila kujiumiza?

Naandika kama mwalimu mtarajiwa niliyekulia Newala. Huko kwetu, kuanzia Masasi kwenye mawe makubwa hadi juu uwandani, zipo shule ambazo somo la kompyuta linafundishwa kwa mchoro wa ubaoni. Mwanafunzi anakariri kwamba prosesa ni ubongo wa kompyuta, anaandika kwenye mtihani, anapata alama zake, na hajawahi kushika hata moja. Prosesa iliyokufa ikifunguliwa vizuri inafundisha kuliko michoro mia. Ila kuna sharti: kufungua ni safari ya kwenda tu, hakuna kurudi. Kifuniko kikishatoka na namba zake zikakwanguka, hakuna mtu atakayekuambia tena kile kilikuwa kipande cha mashine gani. Kwa hiyo yale yanayoweza kujulikana kwa nje yasomwe kwanza.

Mtu wa uwanda wa Makonde haelezwi hili mara mbili. Anayebangua korosho kwa mkono anajua ganda lina mafuta yanayounguza vidole, na anajua korosho nzima ina bei yake na vipande vina bei yake. Akigonga kwa haraka anaambulia vipande na malengelenge. Moduli ya prosesa nayo ina ganda, ina kiini, na ina vitu vya kuunguza. Tuibangue kwa adabu.

MODULI NI NINI HASA?

Katika simu yako, prosesa ni chipu moja ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, yenye transista mabilioni. Kwenye meinfremu za miaka ya 1960 hadi 1980 mambo hayakuwa hivyo. Prosesa haikuenea kwenye chipu moja. Ilitawanywa kwenye mamia au maelfu ya vipande vidogo, vikapangwa juu ya bodi, na bodi zikachomekwa kwenye makabati. Kipande kimoja kama hicho ndicho tunachokiita moduli: kitako cha kauri au bodi ndogo, juu yake chipu au transista, kifuniko cha kuzikinga, na pini za kupitishia umeme.

Ndiyo maana mtu akikuambia anauza prosesa ya meinfremu, mara nyingi anauza tofali moja la nyumba. Si uongo, lakini si nyumba. Kujua hili mapema kunakuokoa na bei ya ajabu, na pia kunakusaidia kuuliza swali linalofaa: tofali hili ni la nyumba ipi?

KOO NNE ZA KUKUMBUKA

Ukoo wa kwanza ni wa transista mojamoja. Humo imo ICT 1500 yenyewe, na imo IBM 1401 iliyotangazwa mwaka 1959. Bodi zake zina vikofia vidogo vya chuma, kila kimoja na miguu yake, kimezungukwa na rezista zenye mistari ya rangi na diodi za kioo. Hapa hakuna moduli ya kufungua, kila kitu kiko wazi kama nyanya kwenye fungu. Ukipata bodi ya namna hii, iache kama ilivyo. Yenyewe tayari ni somo.

Na hapa kuna funzo la kwanza la utambuzi. ICT ilikuwa kampuni ya Uingereza, lakini ICT 1500 haikubuniwa Uingereza. Ilikuwa mashine ya RCA 301 ya Marekani iliyouzwa kwa jina la ICT. Kwa hiyo ukikuta kabati lina jina la ICT na ndani vipande vina alama ya RCA, usidhani umeuziwa mchanganyiko. Jina la mlangoni si lazima liwe jina la aliyejenga.

Ukoo wa pili ni wa vigae vya IBM. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, na ndani yake kulikuwa na moduli walizoziita SLT. Kila moja ni kigae cha kauri cha mraba, upande mmoja nusu inchi, yaani kama sentimita 1.27, chenye kofia ya alumini juu na pini 12 chini. Mwaka 1970 ikaja System/370 na moduli za MST. Kwa nje ni ndugu wa tumbo moja: kofia ileile ya alumini, ukubwa uleule. Ila MST ya kawaida ina pini 16. Ndani ndipo zinapotofautiana kabisa. SLT ina transista na diodi chache zilizosimama kila moja kwa nafsi yake, MST ina chipu zenye saketi nzima ndani yake. Umeona umuhimu wa kuhesabu pini? Hukufungua kitu, na tayari umejua muongo.

Ukoo wa tatu ni wa chipu za kauri zenye miguu pande mbili, kama jongoo. Meinfremu nyingi za miaka ya 1970, za makampuni mbalimbali, zilijengwa kwa bodi zilizojaa chipu za namna hii. Nyingine zina kifuniko cha rangi ya dhahabu katikati, nyingine ni vipande viwili vya kauri nyeusi au ya kijivu vilivyobanwa pamoja kwa kioo kilichoyeyushwa. Zipo pia za plastiki nyeusi, hizo unazijua kutoka kwenye redio.

Ukoo wa nne ndio wafalme. Mwaka 1980 IBM ilitangaza mashine ya 3081, na humo ikaweka moduli iliyoitwa TCM. Kitako chake ni bamba la kauri la milimita 90 kwa 90, ndani yake mna tabaka 33 za nyaya zilizochomwa pamoja na udongo wake. Juu yake zinakaa chipu zaidi ya 100, na chini yake zinatoka pini 1,800. Kila chipu inaguswa mgongoni na pistoni ndogo ya alumini inayosukumwa na springi ili ichukue joto lake. Nafasi iliyobaki imejazwa gesi ya heliamu, ambayo inapitisha joto vizuri kuliko hewa, na juu ya yote linakaa bamba linalopitisha maji ya kupoza. Ni tofali zito la chuma linalojaa kiganja na kuzidi. Ukilishika hutalisahau.

KUISOMA KWA NJE

Chukua rula, sumaku ndogo ya spika mbovu, simu yenye kamera, na daftari. Bisibisi bado, iache mfukoni.

Kwanza pima na uhesabu. Urefu, upana, idadi ya pini, na mpangilio wake: ziko pembeni tu, pande mbili, au zimejaa chini kote kama miiba ya nungunungu? Mambo haya manne peke yake yanakuambia ukoo.

Pili soma namba, lakini zisome kwa akili. Watengenezaji wengi wa chipu waliandika tarehe kwa tarakimu nne: mbili za mwaka, mbili za wiki. Ukiona 7518, maana yake ni wiki ya 18 ya mwaka 1975. Sasa mtego uko hapa. Kuna familia maarufu ya chipu, iliyoanzishwa na Texas Instruments, ambazo majina yake yanaanza na 74. Chipu iliyoandikwa SN7432 haikutengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 1974. Hilo ni jina lake, na kazi yake ni mantiki ya "au" mara nne. Tafuta namba ya pili kwenye mgongo huohuo. Ukiona SN7432 juu na 7518 chini, ya juu ni jina na ya chini ni umri. IBM nayo ina tabia yake: kofia za moduli zake mara nyingi zina namba za ndani ya kampuni tu, ambazo hazifanani na za duka lolote. Kofia ya alumini ya mraba yenye tarakimu tupu, bila jina la chipu linalojulikana, ni dalili nzuri ya IBM.

Tatu tumia sumaku. Alumini haivutwi. Vifuniko vingi vya rangi ya dhahabu kwenye chipu za kauri vinavutwa, kwa sababu chini ya ile ngozi ya dhahabu kuna mchanganyiko wa chuma, nikeli na kobalti. Hili litatusaidia tukifika kwenye bei.

Nne tazama majirani. Moduli iliyo bado kwenye bodi yake usiing'oe. Bodi inakueleza mambo ambayo moduli peke yake haiwezi: moduli za aina moja ziko ngapi, zimepangwaje, ncha za kuchomeka bodi zikoje, kuna jina la kampuni pembeni au hakuna. Kuing'oa moduli kabla ya kuipiga picha ikiwa mahali pake ni sawa na kumtoa shahidi mahakamani kabla hajasema.

Tano muulize aliyekuletea. Ilitoka wapi, ilikuja na nini, nani aliifungua kabla yake. Uliza kwa heshima, shikamoo kwanza, na andika jibu hata kama ni "sijui, mwanangu, nilinunua gunia zima".

DHAHABU NA KANGOMBA

Tukubaliane, watu wengi hawafungui vitu hivi kwa ajili ya elimu. Wanatafuta dhahabu. Sisi wa kusini tumekua na hadithi za mali za Wajerumani zilizofukiwa, rupia kwenye mtungi, sanduku chini ya mbuyu. Hadithi ya dhahabu ndani ya kompyuta imekuja ikakuta kitanda kimeshatandikwa.

Dhahabu ipo, hilo ni kweli. Inapakwa kwenye pini na vifuniko kwa sababu haipati kutu na inapitisha umeme vizuri. Lakini imepakwa. Unene wake mara nyingi ni maikromita moja au mbili tu, wakati unywele wako mmoja una kama maikromita 70. Kifuniko kinachong'aa kote kama pete ya harusi kikinasa kwenye sumaku, ujue sehemu yake kubwa ni chuma. Kuitoa ngozi hiyo kunahitaji asidi kali ambazo mvuke wake unaharibu mapafu, na maji yanayobaki ni sumu ya kwenda ardhini. Kuchoma bodi kwenye moto wa wazi ni vibaya zaidi, kwa sababu ile solda ina risasi, na moshi wake anauvuta mchomaji pamoja na watoto wa jirani.

Kwa hiyo anayepata hasara ni nani? Huko kwetu tuna neno kangomba. Ni yule anayekuja kabla ya msimu, anamkuta mkulima ana shida, ananunua korosho kwa bei ya kutupa. Kangomba anashinda kwa sababu anajua bei na muuzaji haijui. Kwenye vipande vya kompyuta ni vivyo hivyo, tena pande zote mbili. Kijana mwenye bumu lililoingia jana anauziwa "prosesa ya dhahabu" kwa bei ya kichaa. Na mwalimu wa shule anauza kwa kilo bodi ambayo wakusanyaji na makumbusho ya nje wangeitaka ikiwa nzima. Moduli nzima, yenye namba zinazosomeka, kwa kawaida ina thamani kuliko vumbi la dhahabu litakalotoka humo. Korosho nzima na vipande, tena.

AMBACHO HAKIFUNGULIWI

Kabla sijasema jinsi ya kufungua, niseme kisichofunguliwa, na hapa naomba usinisome kwa haraka.

Baadhi ya vifaa vya umeme mkubwa, hasa transista za nguvu na vipande vyenye kazi ya kutoa joto, vilitengenezwa kwa kauri nyeupe yenye beriliamu. Ikiwa nzima haina shida. Ikisagwa, ikakatwa kwa msumeno au ikavunjwa, vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta ugonjwa wa kudumu usiopona. Na kwa macho huwezi kuitofautisha na kauri nyeupe ya kawaida. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na haina msamaha: kata chuma, kata gundi, usikate wala kuvunja kauri. Ukiona kufungua kunataka kauri ivunjike, acha.

Kwa kanuni hiyo, zile chipu za vipande viwili vya kauri vilivyobanwa kwa kioo tunaziacha. Chipu za plastiki nazo tunaziacha, kwa sababu kuzifungua vizuri kunataka asidi ya moto, na hiyo ni kazi ya maabara yenye chemba ya kuvuta mvuke, siyo ya hosteli. Kisanduku cha umeme cha mashine usikiguse kabisa. Kapasita kubwa zinaweza kukaa na chaji muda mrefu baada ya kuchomolewa.

Pia usifungue kitu kilicho kimoja tu. Fungua ukiwa nazo angalau mbili za aina moja, moja ibaki nzima. Na usifungue kinachofanya kazi. Hicho tafuta mwenye akili ya kukitunza.

KUFUNGUA KWENYEWE

Tandika gazeti lenye unyevu kidogo juu ya meza. Vaa miwani, barakoa, na glovu kama unazo. Usile hapo. Weka sahani ya kuwekea kila kinachotoka.

Kigae cha SLT au MST. Kofia ya alumini imekumbatia kitako cha kauri, na upande wa pini pamezibwa kwa gundi laini kama mpira. Geuza moduli pini zikutazame. Kwa wembe mpya, pita taratibu kwenye ule mpira pande zote nne, mara kadhaa, bila kukandamiza. Kisha ingiza ncha nyembamba ya bisibisi ya saa kati ya alumini na kauri kwenye kona, inua kidogo, nenda kona nyingine, inua kidogo. Usimalize kona moja. Alumini inapinda, kauri haipindi, ukilazimisha kauri itapasuka. Kofia ikilegea, vuta wima. Ndani unaweza kukuta ute mwangavu unaofunika kila kitu. Uache, ndio uliokinga chipu miaka yote hiyo, na macho yanapita.

Chipu ya kauri yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Kifuniko kimeunganishwa kwa solda ya dhahabu na bati inayoyeyuka kwenye nyuzi 280. Fundi mwenye mashine ya hewa ya moto, yule wa kurekebisha simu, anaweza kukipasha kutoka juu na kukiondoa kwa koleo ndogo bila kukwaruza. Mwambie asiguse chochote ndani. Nyaya za humo ni nyembamba kuliko unywele, na pumzi ya mtu mwenye mafua inatosha kuleta msiba.

Moduli ya TCM. Hii hukutani nayo kila siku, lakini ijue. Hakikisha bamba la maji limeshatoka na hakuna unyevu. Moduli imefungwa kwa boliti kuzunguka ukingo. Ilaze pini zikitazama juu, yaani mgongo wenye pistoni ukiwa chini, kwa sababu ukiifungua kinyume pistoni na springi zake zitadondoka kama punje za mahindi. Legeza boliti kidogokidogo kwa kuvuka upande hadi upande, kama mtu anayefungua tairi la gari. Gesi ya heliamu itatoka bila harufu, na ndani ya chumba chenye hewa haina madhara. Kisha inua kitako cha kauri wima. Kila pistoni itabaki kwenye tundu lake.

Na kama huna hata moja ya hizi? Fanya mazoezi na Pentium II ya mwaka 1997, ile iliyokaa kwenye kikasha cheusi cha plastiki kama kaseti ya gemu. Kompyuta mbovu za ofisini za miaka ile zinazo. Kikasha kinafunguka kwa vibanio, hakuna kinachovunjika, na somo ni lilelile: prosesa yenyewe kwenye bodi ndogo, kumbukumbu za pembeni, ncha za kuchomeka.

UTAKACHOKIONA, NA USICHOKIONA

Watu wengi wakifungua moduli ya IBM wanasikitika. Walitegemea kuona mji wa rangi kama kwenye picha, wanaona vijiwe vya kijivu vinavyong'aa. Usisikitike. IBM ilizilaza chipu kifudifudi, uso ukitazama kauri, zikashikwa na vitone vidogo vya metali. Unachokiona ni mgongo. Saketi iko chini, kama kobe. Kwenye SLT utaona vichipu vichache vidogo kuliko punje ya ulezi, na mabaka meusi yaliyochapwa kwenye kauri. Mabaka hayo ni rezista, na zilipunguzwa kwa kukwanguliwa hadi zifike kipimo. Kigae kile kizima kilifanya kazi ya mantiki ndogo sana, swali moja la ndiyo au hapana.

Kwenye chipu ya kauri yenye kifuniko cha dhahabu ni tofauti: uso wa chipu unakutazama, na nyaya zinatoka kila upande kama miguu ya buibui. Hapo ndipo utaona ule mji. Huna hadubini? Toa lenzi ndogo ya kwenye kichwa cha deki mbovu ya DVD ambayo haina umeme, ibandike mbele ya kamera ya simu, na usogeze taratibu hadi picha itulie.

Sasa fikiria darasa. Mezani una transista moja yenye kofia, kigae cha SLT, chipu ya kauri, na simu yako. Mwanafunzi anahesabu: huyu wa kwanza ni mmoja, huyu wa pili ana wachache, huyu wa tatu ana wengi. Kwenye TCM, chipu moja ya mantiki ilikuwa na nafasi ya saketi hadi 704, na moduli moja ilibeba chipu zaidi ya 100. Zidisha. Halafu mshikishe simu. Hapo neno "maendeleo ya teknolojia" linaacha kuwa kichwa cha habari cha kukariri, linakuwa kitu alichokigusa kwa kidole.

MPE STAKABADHI

Korosho ikifika ghalani inapimwa, inapangiwa daraja, na mkulima anapewa stakabadhi. Bila ile karatasi, mzigo ni wa kubishaniwa. Kipande chako cha kompyuta nacho kipe stakabadhi yake kabla wembe haujakigusa. Picha ya juu, ya chini na ya ubavuni, rula ikiwa kando. Namba zote, hata usizozielewa. Idadi ya pini. Kilikotoka, mwaka ulipokipata, aliyekupa kama amekubali kutajwa. Baada ya kufungua, piga picha tena, tia kofia na kitako kwenye bahasha moja, na juu ya bahasha andika hayohayo kwa kalamu ya wino. Kazi yote haizidi nusu saa.

Hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Historia ya kompyuta nchini tunayosoma ina ICT 1500, ina marufuku ya 1974, kisha inarukia intaneti. Katikati yake kulikuwa na waendeshaji, mafundi, watoboa kadi, na mashine zenye sauti na joto lake. Wengi wa watu hao sasa ni wazee wetu, wengine wanaishi mtaa mmoja na sisi na hatujawauliza. Vipande vilivyo kwenye magunia ni ushahidi wa kazi yao. Tukiviyeyusha vyote kutafuta dhahabu isiyojaza hata kisoda, tutawafundisha watoto wa Newala na Masasi kwamba kompyuta ni kitu kilichoshuka kutoka angani kikiwa tayari ni simu.

Kwa hiyo ukienda fildi mwaka huu, kabla hujaomba shule ikupe projekta, omba funguo za stoo. Angalia nyuma ya madawati mabovu. Ukikuta bodi ya ajabu, usiing'oe, usiiuze kwa kilo. Hesabu pini kwanza.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Shahada ya Elimu, mzaliwa wa Newala.